Kijembe, Chuku na Sindano: Kutoa Damu Karagwe na Kyerwa

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mskoti mmoja, James Augustus Grant, alikuwa hoi kitandani huko Bweranyange, makao ya Omukama Rumanika wa Karagwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba juu ya goti, ukatunga usaha, asiweze hata kusimama. Mwenzake wa safari, John Hanning Speke, alikuwa na haraka ya kukifikia chanzo cha mto Nile. Januari 1862 akamwacha Grant mikononi mwa mwenyeji wao, akaenda zake Buganda. Grant aliuguzwa Karagwe hadi Aprili, na siku ya kuondoka ilibidi abebwe kwa machela.

Wenyeji walijaribu dawa nyingi. Grant aliyasimulia mambo hayo katika kitabu chake A Walk Across Africa, kilichotoka mwaka 1864, na humo anamtaja mganga wa Kinyambo, yaani wa wenyeji wa Karagwe, aliyekuja na mkewe. Mganga aliupapasa mguu kwa upole, akauchanja huku na huku kwa kisu kidogo, akiviepuka vidonda. Watazamaji wakaamriwa watoke nje. Mke akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi nzito, dawa ikaloweshwa kwa mate, ikasuguliwa kwenye chale zilizokuwa zikivuja damu, ikamwasha mgonjwa. Mwisho akafungiwa kifundoni kipande cha jiwe la volkano. Kesho yake mguu ulikuwa vilevile.

Zaidi ya miaka 160 imepita. Mgonjwa wa Karagwe anayefika leo Hospitali ya Nyakahanga, iliyo chini ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), au yule wa Kyerwa anayefika Isingiro, naye hukutana na chombo chenye makali kabla hajapewa dawa. Hunyoosha mkono, hufungwa mpira juu ya kiwiko, huambiwa akunje ngumi, na sindano huingia. Wengi husema tu kwamba wamekwenda "kutolewa damu" au "kupimwa damu". Madaktari wana jina lao la kazi hiyo, nalo ni flebotomia. Jina hilo ni kongwe kuliko hospitali yoyote, na maana yake imegeuka sana njiani.

Asili yake ni Kigiriki. Phleps, au phlebos, ni mshipa wa damu. Tome ni mkato. Ukiyaunganisha unapata "ukataji wa mshipa", basi. Wasomaji wa Kiswahili wanalifahamu neno hilo la pili bila kujua, kwa kuwa limejificha ndani ya anatomia, elimu iliyozaliwa kwa kupasua maiti, na ndani ya atomu, kitu ambacho Wagiriki walidhani hakikatiki. Kutoka Kigiriki neno likaingia Kilatini, kisha Kifaransa cha kale, na kufikia karne ya 14 lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa Kiingereza. Wataalamu wa wadudu nao wakaliazima: jamii ya usubi wanaoeneza ugonjwa wa kala-azar, wakiwemo wale wanaowasumbua watu wa Baringo nchini Kenya, wameitwa Phlebotomus, yaani wakata mishipa.

Jina ni la Wagiriki, lakini tendo si lao peke yao. Watu wa Maziwa Makuu na wa pwani walikuwa wakitoa damu kwa ufundi wao na kwa sababu zao, na walikuwa na maneno yao ya kuzitofautisha njia hizo. Maneno hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu watu wengi leo huyachanganya, na kuyachanganya kunaweza kuleta madhara mwilini.

Kuna kuchanja. Hapa ngozi hukatwa kidogo ili kitu kiingie: dawa ya unga, majivu, mafuta. Damu hutoka, lakini si damu inayotafutwa. Ndicho alichofanya mganga wa Grant. Ndiyo maana kinga ya hospitali nayo ikaitwa chanjo, kwa kuwa chanjo ya ndui, iliyokuwa ya kwanza, ilitiwa kwa kukwaruza ngozi.

Kuna kuumika. Hapa ngozi huchanjwa ili damu itoke, kisha damu hiyo huvutwa kwa pembe. Kinachotoka ni damu ya vijishipa vidogo vya ngozini.

Halafu kuna kuufungua mshipa wenyewe, ule mkubwa unaoonekana kwa rangi ya kijani au buluu kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo flebotomia hasa. Waarabu waliitofautisha vizuri: kuumika wakakuita hijama, na kufungua mshipa wakakuita fasd.

Tukae kidogo kwenye kuumika, maana hapo ndipo lugha zetu zina utajiri. Mwumikaji wa zamani alikuwa na pembe ya ng'ombe au ya mbuzi iliyokatwa ncha na kutobolewa tundu. Aliiweka penye maumivu, kichwani, mgongoni au begani, akafyonza hewa kwa mdomo kupitia lile tundu, ngozi ikainuka. Baadaye akaiondoa, akachanja pale palipoinuka, akairudisha pembe, akafyonza tena na kuziba tundu kwa nta. Pembe ikakaa imeng'ang'ania mwilini huku ikijaa damu nyeusi iliyoganda. Mgonjwa akionyeshwa damu hiyo aliamini kwamba ugonjwa umetoka mbele ya macho yake.

Kwa Kiswahili pembe hiyo ni chuku, na kiwembe cha kuchanjia ni kijembe. Mwanafunzi wa sekondari anaijua chuku kama tamathali ya usemi: kulitia jambo makuu yasiyokuwamo. Na kila mtu aliyewahi kukaa barazani anajua kupiga vijembe ni nini. Chuku huvuta kitu kikainuka kupita kimo chake, na kijembe hukata kidogo, haraka, mahali panapouma. Kazi ya mwumikaji imepungua sana mitaani, lakini vyombo vyake viwili vimebaki katika mazungumzo ya kila siku.

Kitenzi chenyewe kinavuka mipaka. Waganda husema okulumika. Wanyankole, ambao lugha yao na Kinyambo ni ndugu wa karibu, husema okurumika. Wanyarwanda, ng'ambo ya mto Kagera, husema kurumika. Waswahili wameidondosha ile konsonanti ya mwanzo wakabaki na kuumika, kama vile okuruma ya bara ilivyo kuuma ya pwani. Ni tendo moja na shina moja, kutoka Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Hindi. Ndani yake mna wazo zito la tiba: mgonjwa kwa Kiswahili ni mtu anayeumwa, na mwumikaji anakuja na jino la pembe kuung'oa ule uchungu uliomuuma. Mganga wa Kigiriki aliitazama kazi hiyo akaona mshipa unaokatwa. Mbantu aliona kitu kinachouma na kufyonza.

Damu ilitolewa pia kwa sababu zisizo za ugonjwa. Katika mkoa wa Kagera, zilimo wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama ilivyo Ankole na Buganda, palikuwa na omukago, udugu wa kuchanjiana. Miongoni mwa Wahaya watu wawili waliotaka kufungamana walichanjwa karibu na kitovu, buni la kahawa likapakwa damu ya kila mmoja, kisha kila mtu akalimeza la mwenzake. Tunda la kahawa lilifaa kwa kuwa ndani ya ganda moja hukaa mbegu mbili zilizobanana. Tangu hapo mtu hakuweza kumdhuru mwenzake wala kumnyima chakula, na watoto wao walihesabiana ndugu. Leo kahawa ya Karagwe na Kyerwa huuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha KDCU chenye makao Kayanga, na vijana wengi wanaoichuma hawajui kwamba tunda hilo liliwahi kubeba damu ya kiapo.

Wafugaji nao walitoa damu, ila ya ng'ombe. Bahima wa Ankole, kama Wamasai, walifunga kamba shingoni mwa ng'ombe hadi mshipa ukatuna, wakaupiga kwa mshale mfupi uliowekewa kizuizi nyuma ya ncha usizame sana, wakakinga damu kwenye chombo, kisha wakalegeza kamba na damu ikakoma. Ng'ombe alirudi malishoni. Ile kamba na ule mpira unaofungwa juu ya kiwiko hospitalini hufanya kazi kwa kanuni ileile. Mishipa inayorudisha damu moyoni iko karibu na ngozi na kuta zake ni laini, hivyo ukibana kidogo damu hukwama na mshipa hujaa. Mishipa inayotoa damu moyoni imejificha chini zaidi na ina nguvu, haibaniki kirahisi, kwa hiyo damu huendelea kuja. Daktari Mwingereza William Harvey aliitumia hoja hiyo hiyo ya mkono uliofungwa, katika kitabu chake cha mwaka 1628, kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini badala ya kutengenezwa na kuisha kila siku.

Kabla ya Harvey Ulaya iliamini vingine. Kwa miaka zaidi ya 1,400 ilifuata mafundisho ya Galeni, tabibu aliyezaliwa mwaka 129 na kufanya kazi Roma. Yeye aliendeleza fikra za Hippocrates kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Afya ni mizani kati yake. Homa ikipanda, damu imezidi, basi ipunguzwe. Madaktari wa ulimwengu wa Kiislamu waliyapokea mafundisho hayo, wakayasahihisha na kuyapanua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwa kina nani afunguliwe mshipa na nani asifunguliwe, na al-Zahrawi wa Andalusia akachora vyombo vya kazi hiyo. Balghamu yenyewe, neno ambalo bibi yeyote wa Kiswahili analijua, ni phlegma ya Kigiriki iliyopita Uarabuni kabla ya kufika pwani yetu.

Ulaya waliendelea mpaka wakapitiliza. Vinyozi ndio walikuwa watoaji damu wakuu, na mlingoti wenye mistari myekundu na myeupe mbele ya maduka ya vinyozi wa Ulaya na Marekani ni kumbukumbu ya damu na bendeji. Mwaka 1833 pekee Ufaransa iliingiza ruba zaidi ya milioni 41 kwa ajili ya kunyonya wagonjwa. Disemba 1799 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Madaktari wake walimfungua mshipa mara kadhaa kwa siku moja, wakamtoa damu inayokadiriwa kufikia asilimia 40 ya damu yake yote. Usiku huohuo akafa. Alikuwa mtu tajiri, akihudumiwa na madaktari bora wa nchi yake. Ni vyema kulikumbuka hilo kila mara mtu anapomcheka mganga wa Kinyambo na kipande chake cha jiwe; yule angalau alichanja kidogo na kuacha.

Aliyeanza kuuvunja mtindo huo kwa hesabu alikuwa Pierre Louis wa Paris. Mwaka 1835 alitoa kazi iliyolinganisha wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu mapema na waliochelewa kutolewa, akaonyesha kwamba faida iliyosifiwa miaka yote haikuonekana. Kutoa damu kama tiba ya kila kitu kukafifia polepole.

Hakukufa kabisa, kwa sababu yapo magonjwa machache ambayo dawa yake bado ni hiyo. Mtu ambaye mwili wake hulimbikiza madini ya chuma mpaka yakadhuru ini na moyo hutolewa karibu nusu lita kwa wiki hadi chuma kipungue. Mwingine ambaye uboho wake unazalisha chembe nyekundu kupita kiasi, damu ikawa nzito na kutishia kuganda kichwani, naye hupunguzwa kwa kipimo. Mbali na hao, anayekuambia kwamba atakutibu presha, kisukari au malaria kwa kukutoa damu hana ushahidi.

Katika karne ya 20 maana ya flebotomia ikageuka. Damu iliyokuwa ikimwagwa ikaanza kuhifadhiwa, kwa sababu ilionekana kuwa inabeba habari. Sirinji yenye sindano ya tundu ilikuwapo tangu mwaka 1853. Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi; leo makundi ya damu tunayaita A, B, AB na O. Miaka ya 1940 Joseph Kleiner akabuni kichupa kilichoondolewa hewa, kinachoivuta damu chenyewe mara sindano inapokitoboa. Vichupa hivyo ndivyo vinavyoonekana leo kwenye trei za maabara, kila kimoja na kifuniko cha rangi yake.

Rangi hizo si mapambo, na mgonjwa ana haki ya kuzijua. Kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo hutumiwa kuhesabu chembe na kupima wingi wa damu. Chekundu huiacha igande ili maji yake ya juu yapimwe. Cha buluu hutazama jinsi damu inavyoganda, na cha kijivu huhifadhi sukari isiliwe na chembe kabla ya kupimwa. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anaweza kujaza vichupa vitatu au vinne kutoka sindano moja. Wengi huona hapo wanafilisiwa. Kichupa kimoja huchukua mililita nne au tano, kiasi cha kijiko cha chai, na mtu mzima ana damu inayokaribia lita tano.

Kwa vipimo vingine hata mshipa hauhitajiki. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kila zahanati ya Kagera inakijua, hutaka tone moja la kidole. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hutobolewa kisigino, matone machache yakakaushwa kwenye kikaratasi kigumu, na karatasi hiyo ikasafirishwa hadi maabara kubwa. Kwa wilaya ambazo Bukoba iko umbali wa zaidi ya kilomita 100, karatasi kavu ina thamani kubwa: haimwagiki na haivunjiki njiani.

Hofu ya kutolewa damu ina historia yake, na si haki kuiita ujinga. Katika karne iliyopita uvumi wa mumiani ulienea Afrika Mashariki nzima: kwamba wapo watu wanaoteka wapita njia usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa za Wazungu. Uganda walishukiwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, akaonyesha kwamba watu walikuwa wakiueleza utawala ulioingia mwilini mwao bila kuomba ruhusa. Wakoloni walipima damu za watu kwa kuwapanga foleni, na mara nyingi hawakuwaambia majibu wala sababu. Mtu aliyeona babu yake akitobolewa namna hiyo asingeweza kuipenda sindano.

Kagera ikapata pigo jingine. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu. Ndani ya miaka michache vijiji vizima vilijua maana ya kuzika kila wiki. Wembe uliopita kwa watu wengi, uwe wa kunyolea, wa chale au wa kuumikia, ukageuka kuwa kitu cha kuogopwa. Omukago wa kuchanjiana, uliokuwa umekwisha kupungua, haukuwa tena na nafasi. Hijama inayofanywa sasa mijini kwa vikombe vya plastiki na pampu ya mkono haihitaji mdomo wa mtu kufyonza, na hilo ni jema. Lakini kiwembe kisichofunguliwa upya mbele ya mgonjwa kinabaki na hatari ileile ya virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B na C.

Halafu ukaja Marburg. Machi 2023 ugonjwa huo ulithibitishwa Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, akiwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 ukathibitishwa tena Biharamulo, na watu 10 waliohesabiwa kuwa nao wote walifariki. Karagwe na Kyerwa zilisalimika, lakini kila mhudumu wa mkoa huu alijifunza upya kwamba tone la damu ya mgonjwa linaweza kumuua anayelichukua. Glavu, miwani, kisanduku cha njano cha kutupia sindano zilizotumika, marufuku ya kuifunika sindano tena kwa mkono: hayo yote yanamlinda anayetoa na anayetolewa. Mgonjwa anayechukia kwamba muuguzi amevaa glavu ili kumgusa anakosea. Achukie pale muuguzi asipovaa.

Tanzania haijawa na mazoea ya kumpa mtu kazi ya kutoa damu pekee. Hufanya mtaalamu wa maabara, muuguzi, wakati mwingine tabibu. Marekani ni fani inayojitegemea yenye kozi fupi na cheti, na Waafrika Mashariki wengi waliohamia huko wameingia kazini kwa mlango huo, wakipita kutoka chumba hadi chumba cha hospitali alfajiri na trei za vichupa. Kuna jambo la kujifunza. Mtu afanyaye kazi moja mara 60 kwa siku huipata mishipa ya mzee aliyekauka na ya mtoto mnene bila kuwatoboatoboa, na uchungu wa sindano, kwa kweli, hutegemea zaidi mkono wa anayechoma kuliko ukubwa wa sindano.

Limebaki tendo moja ambalo Galeni hakulijua: kutoa damu ili mwingine aishi. Mtoto wa Kyerwa aliyeliwa damu na malaria hadi viganja vikapauka, mama aliyejifungua na damu ikakataa kukoma, kijana aliyeanguka na bodaboda. Hao hawana muda wa kusubiri gari kutoka mbali. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004 ili damu iwepo kabla ya dharura, badala ya ndugu kukimbizana koridoni kutafuta mwenye kundi linalofaa. Kila chupa iliyotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu hukaa siku 35 tu. Kwa hiyo kampeni ya siku moja kwa mwaka, hata ikijaza majokofu, haitoshi. Mwezi wa pili damu hiyo imekwisha muda wake. Hapo ndipo wilaya zetu zinapokwama, na mwandishi yeyote anayejali hana budi kulisema wazi.

Anayechangia hutolewa mililita 450, chini ya nusu lita. Maji ya damu yaliyopotea hurudi kwa siku moja au mbili; chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Anahitaji kunywa maji ya kutosha siku hiyo, kupumzika kidogo na kuacha kubeba mzigo mzito kwa mkono uliochomwa. Chakula cha kumrudishia chuma kimejaa Karagwe na Kyerwa: maharage, mboga za majani, na dagaa kutoka ziwani, vikisindikizwa na chungwa au limau ili chuma kifyonzwe vizuri. Chai au kahawa inywewe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza ufyonzaji huo. Dai kwamba aliyetoa damu mara moja lazima atoe maisha yake yote au "itamzidi" halina msingi. Ni ile nadharia ya Galeni inayozunguka vijijini bila jina lake.

Basi msomaji, ukienda kutolewa damu, kwa kipimo au kwa kuchangia, uliza inapimwa nini na majibu utayapata lini. Hakikisha sindano imefunguliwa mbele yako, na kwamba jina lako limeandikwa kwenye kichupa kabla hujainuka kitini, kwa sababu damu iliyobandikwa jina la mwingine ni hatari kuliko kutopimwa kabisa. Sema kama uliwahi kuzimia au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Baada ya sindano kutoka, bana pamba kwa dakika chache mkono ukiwa umenyooka, usikunje kiwiko. Na kama una umri kati ya miaka 18 na 65, una uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, fika hospitali iliyo karibu nawe uulize siku ya kuchangia: mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne.